Fundi anataka nitoe masega niweke bomba la inchi 3 mpaka nyuma, SUV yangu ni V6 ya petroli. Naombeni ushauri

Safari_V6

Wakuu heshima zenu. Nina SUV ya petroli, V6 ya lita 3.5, haina turbo, gia otomatiki, imeshatembea kilometa 180,000 na kitu. Sailensa ya nyuma imeoza, nikiigonga kwa kidole inadondosha kutu kama unga, asubuhi nikiwasha inapasua sauti mpaka naona aibu kwa majirani. Kwa kuwa lazima niibadilishe nimeona bora nifanye ekzosi nzima mara moja nisirudi rudi kwa fundi.

Nachotaka ni vitu viwili. Kwanza sauti nzito kidogo, siyo kelele, sauti tu ya kujua hapa kuna V6. Pili gari ichanganye, maana nikipakia familia siti zote 7 na mizigo juu, kwenye mlima inachoka sana siku hizi, zamani haikuwa hivi kabisa, na mafuta nayo yanaenda kuliko zamani.

Fundi wa kwanza kaniambia tukate masega yote (yale ya kusafisha moshi, katalisti), tuvute bomba la inchi 3 kutoka mbele mpaka nyuma na sailensa moja ndogo ya kupitisha moja kwa moja, anasema injini itapumua na nguvu nitaiona siku hiyo hiyo. Fundi wa pili anasema ukifanya hivo torki (nguvu ya kuvuta) inapotea maana injini inahitaji presha ya nyuma. Nimebaki katikati. Mwenye uzoefu na gari za juu aniambie ukweli kabla sijakata kitu ambacho hakirudi.

Mzee_wa_Torki

Mkuu umefanya vizuri kuuliza kabla grenda haijawashwa. Umeandika mwenyewe "zamani haikuwa hivi", mi hapo ndo nimesimama. Kama gari ilikuwa inapanda mlima ule ule na mzigo ule ule na ekzosi ile ile ya kiwandani, basi hujapungukiwa bomba kubwa, kuna kitu kimeharibika. Ukiweka bomba jipya bila kukijua utakuwa umelipia sauti na ugonjwa umeuacha ndani.

Hao mafundi wawili kila mmoja ana kipande cha ukweli. Hakuna injini inayohitaji presha ya nyuma, presha ya nyuma ni mzigo, pistoni inatumia nguvu kuisukuma. Kinachohitajika ni mwendo wa moshi ndani ya bomba. Moshi hautoki kama maji ya mpira, unatoka kwa mapigo, kila silinda ikifungua valvu inarusha pigo moja, na pigo likienda kwa kasi linaacha upungufu wa presha nyuma yake ambao unasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi moshi unapoa na kutambaa, ule mvuto unapungua, na unapungua zaidi kwenye mizunguko ya chini ambako SUV yenye mzigo ndo inaishi. Sasa mtu akisikia torki ya chini imepungua anasema "presha ya nyuma imeondoka", kumbe kilichoondoka ni kasi.

Pima tu kwa hesabu. Bomba la inchi 3 lina nafasi ndani karibu mara 1.8 ya bomba la inchi 2 na robo, ukienda inchi 2 na nusu unaongeza kama asilimia 23 tu. Kwa V6 yako isiyo na turbo inayotumika barabarani, inchi 2 na nusu kwa bomba moja inatosha kabisa. Tena sehemu ya nyuma kuanzia baada ya masega siyo ndo inayobana sana, ukibadilisha hapo peke yake usitegemee zaidi ya farasi wachache, na ukiwa na watu 7 ndani hutawasikia.

Kabla ya chochote fanya kipimo. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele (spana yake kwa gari nyingi ni 22, ifungue injini ikiwa na uvuguvugu siyo ya moto kabisa wala baridi, nyuzi zake zinapenda kung'ang'ania), funga geji ya presha kwenye lile tundu, washa, panda mpaka mizunguko 2,500 ya injini kwa dakika ushikilie. V6 ina pande mbili kwa hiyo pima zote. Ikisoma chini ya psi 3 masega yako yanapitisha, ikizidi hapo na kuendelea kupanda kuna kitu kimeziba, na mara nyingi ni masega yaliyoyeyuka baada ya plagi kukosa moto kwa mda mrefu. Yakiziba unaweka mapya, hatutoi ya kwako tukaacha uwazi.

Masega usitoe. Mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu ndo zinageuza monoksaidi ya kaboni na petroli isiyoungua kabla moshi haujatoka kwa watu. Nchi nyingi kuyatoa ni kosa la kisheria na ukaguzi hupiti. Afu kompyuta ya gari ina sensa mbele na nyuma ya masega inalinganisha, ukiyatoa ya nyuma inasoma sawa na ya mbele, taa ya injini inawaka na kodi ya hitilafu P0420 na haizimi. Baadae ukipata ugonjwa wa kweli hutajua maana taa umeshaizoea.

turbo_dizeli

Naheshimu alichosema mzee hapo juu ila wengine wasije wakasoma wakadhani inchi 3 ni mbaya kwa kila gari. Mi yangu ni dizeli ya turbo, niliweka inchi 3 kuanzia turbo kwenda nyuma na tofauti ilikuwa kubwa kweli, turbo inaamka mapema na joto la moshi kwenye mlima limeshuka, nina geji yake naiona. Kwenye turbo mambo ni tofauti kwa sababu lile feni la moto linazungushwa na tofauti ya presha kabla na baada yake, kwa hiyo baada ya turbo ukipanua unasaidia, yale mapigo anayosema mzee yameshavunjwa na turbo yenyewe. Gari isiyo na turbo kama ya mleta mada fuata ushauri wake.

Kimya_Ndani

Mkuu nisikilize kwa makini kwenye suala la sauti maana hapa ndo niliumia. Mimi nilikuwa na V6 kama yako, nikaweka sailensa ya kupitisha moja kwa moja na resoneta ya katikati (kopo la kupunguza mvumo) nikaambiwa haina kazi, ikatolewa. Nikiwa nimesimama gereji sauti ilikuwa tamu kweli kweli nikaondoka nimefurahi. Nimeingia barabara kuu, nikafika kilometa 100 kwa saa, gia ya juu, mizunguko kama 2,000, ndani ya gari ukaanza mvumo mmoja mzito unaobonyeza masikio, siyo kelele ya nje, ni kama mtu anapuliza chupa tupu kubwa pembeni ya kichwa chako bila kupumzika. Nikipunguza kidogo unaisha, nikiongeza unaisha, nikirudi kwenye mwendo wa safari unarudi. Saa 4 za safari mke wangu akaniambia harudi na hiyo gari, na hakuwa anatania.

Kuna sababu na inahusu SUV kuliko gari ndogo. V6 inapiga mapigo 3 kila mzunguko, kwa mizunguko 2,000 ni mapigo 6,000 kwa dakika, yani 100 kwa sekunde, hiyo ni hezi 100. Sasa bodi ya SUV ni boksi moja kubwa, buti halijatenganishwa na abiria kama kwenye saluni, bati la paa ni pana, mlango wa nyuma ni mpana, na mdomo wa ekzosi uko chini yake hapo hapo. Sauti nzito kama hiyo boksi inaikuza badala ya kuizuia. Na kuweka zulia au sponji hakusaidii, sauti ya chini namna hiyo inapita tu.

Nilivyotibu: kwanza nilirudisha resoneta, mvumo ukapungua lakini haukuisha. Ndo nikatengeneza bomba la pembeni lililozibwa mwisho. Linachomelewa kwenye bomba kuu kama tawi, sauti inaingia, inafika mwisho inagonga na kurudi, na ikiwa urefu ni robo ya wimbi la ile sauti inarudi imegeuka kinyume na kuuua ule mvumo. Urefu ni kasi ya sauti gawanya kwa mara 4 ya hezi. Ndani ya moshi wa moto sauti inakimbia kuliko hewa ya kawaida, mi nilichukua mita 440 kwa sekunde kwa kukadiria joto la lile tawi, 440 gawanya kwa 400 unapata mita 1 na sentimita 10.

Sikuchoma mwisho wake kabisa. Nilikata kwa makusudi likiwa refu, sentimita 125, nikaliziba kwa kifuniko cha kubana na klempu, nikaenda barabarani na simu ina programu ya kuonyesha masafa ya sauti. Lilikuwa linaua kwenye mizunguko kama 1,750, chini sana. Nikarudi nikakata sentimita 3, nikaenda, nikakata tena, kila nikikata sehemu ya ukimya inapanda juu kidogo, mpaka nilipofika sentimita 112 ile nundu ya hezi 100 kwenye simu ikalala. Hapo ndo nikachomelea kifuniko. Sauti ya nje iko vile vile nzito, ndani tunaongea kawaida na siti ya tatu.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi usikubali kusikiliza ekzosi gari ikiwa imesimama ukasema sawa. Iendeshe kwenye mwendo wako wa safari kabla hujalipa yote.

Safari_V6

Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. @Mzee_wa_Torki nimetafuta geji, nitapima wikiendi. @Kimya_Ndani mvumo sikuwa naujua kabisa, nilikuwa nawaza sauti ya nje tu. Swali jingine, bomba lipi nichukue, kuna anayeniuzia "steinlesi" na kuna la chuma la kawaida lenye rangi ya fedha, kwa macho yanafanana.

Fundi_wa_Chini

Habari ndugu. Mi kazi yangu ni kuchomelea ekzosi, nimelala chini ya magari miaka mingi, ngoja nikupe ya kwangu.

Chukua sumaku ndogo uende nayo. Steinlesi ya 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, sumaku haiishiki au inashika kwa mbali sana. Ya 409 ina kromiamu kama 11 tu, sumaku inanasa, itashika kutu ya juu juu ya kahawia lakini haili haraka, ndo gari nyingi zinatoka nayo kiwandani na siyo mbaya. Lile la rangi ya fedha ni chuma kilichopakwa alumini, linafaa ila pale tunapochomelea ule mpako unaungua na kutu inaanzia hapo hapo, kwa hiyo mwambie fundi apige brashi ya waya afu apake rangi ya joto kali kila kiungo. Wengi hawafanyi.

Sailensa yako imeoza kutoka ndani, siyo nje. Petroli lita 1 ikiungua inatoa karibu lita 1 ya maji kama mvuke. Safari fupi fupi ekzosi haifiki joto la kukausha, maji yanalala kwenye sailensa pamoja na asidi yanakula bati. Ukinunua sailensa ukaona katundu kadogo chini yake ni ka kutolea hayo maji, nimeona watu wanakaziba kwa weldingi wanadhani ni pabovu.

Kingine mikunjo. Angalia bomba pale linapokunjwa, kama ndani ya kona pamekuwa na makunyanzi na bomba limebonyea basi inchi zako 2 na nusu pale ni pungufu. Tafuta lililokunjwa kwa mashine inayoshikilia ndani, kona inabaki duara ile ile.

Sasa hili ndo kubwa na ni la gari za juu hasa zenye ekseli nzima nyuma. Fundi akiinua gari kwa chesisi magurudumu yananing'inia, ekseli inashuka mpaka chini kabisa. Yeye anaona nafasi kubwa kati ya ekseli na bodi, anapitisha bomba pale juu vizuri, anachomelea. Akishusha gari ekseli inapanda. Niliwahi kuletewa gari limetoka kufungwa kwingine, mwenyewe analalamika akipita tuta anasikia dung! chini ya siti ya nyuma. Kuangalia, kati ya bomba na ekseli kidole changu cha shahada kilipita kwa shida, na juu ya bomba pana alama inayong'aa kama sarafu mpya, imesuguliwa na bodi. Ekseli ilikuwa inapiga bomba, bomba linapiga bodi. Na hapo gari tupu, wakikaa watu 7 je? Kwa hiyo kabla ya kuchomelea moja kwa moja shika kwa vitone viwili vitatu vya weldingi, shusha gari likae kwenye magurudumu yake, pakia uzito nyuma, ndo uangalie. Mimi naacha upana wa ngumi juu na chini ya ekseli.

Tairi la spea likiwa chini ya gari bomba lisiende karibu nalo, na ile bati ya kukinga joto usiitupe. Hata tenki la mafuta na mabomba ya breki angalia.

Hanga zibaki za mpira. Kuna fundi anachomelea bomba kwenye chesisi moja kwa moja anasema limekuwa imara. Bomba la 304 lenye mita 3 likipanda joto digrii 400 linarefuka kama sentimita 2, likikosa pa kwenda litapasua kiungo au litavuta manifoldi (pale moshi unapokusanyika ukitoka kwenye injini) mpaka gasketi ifungue. Na kile kipande cha fleksi pale mbele kibaki, injini inacheza bomba lisicheze.

Na siku ya kuchomelea terminali hasi ya betri itolewe kwanza.

Mama_wa_Siti_ya_Tatu

Naomba niongeze moja hamjaligusa. Sisi tulibadilishiwa ekzosi ikaishia chini ya gari, kabla ya bampa, walisema inapendeza haionekani. Safari ya pili watoto waliokaa siti ya nyuma kabisa wakaanza kulalamika vichwa vinauma, mmoja akatapika, tukadhani ni kona za barabara. Mbele mimi na baba yao hatuna shida yoyote. Tuliposimama wakatoka nje baada ya mda wakawa sawa, tumeondoka tena kikaanza upya, ndo baba yao akashtuka akafungua madirisha yote tukarudi taratibu.

Kumbe gari ya mgongo wima kama SUV ikikimbia inaacha upungufu wa hewa nyuma yake, moshi unaotokea chini unavutwa juu na kuingia kwenye mpira wa mlango wa nyuma uliochoka. Monoksaidi ya kaboni haina harufu wala rangi, hujui. Tulirefusha bomba likatoka nje ya bampa, tukabadilisha mpira wa mlango, halijarudi tena. Na kama umetoa masega hiyo gesi ni nyingi zaidi. Tafadhali baba, watoto wako ndo wanakaa karibu na huo moshi kuliko wewe.

Safari_V6

Dada asante sana kwa hili, nimelisoma mara mbili. Bomba litatoka nje ya bampa, hilo limeisha.

Nimerudi na majibu ya kipimo. Upande wa kushoto geji ilisoma psi 1 na kidogo kwa mizunguko 2,500, wa kulia hivo hivo, masega yako salama. Lakini asubuhi gari ikiwa ya baridi nilifanya kitu nilichoelekezwa na jamaa wa geji, akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara zito nusu nusu mimi nikiwa nasikiliza mbele, nikasikia tss tss tss upande wa kulia. Kumulika kwa tochi, kwenye kiungo cha manifoldi na bomba la mbele pana mstari mweusi wa masizi kama umechorwa kwa mkaa, na bolti moja kati ya tatu haipo kabisa. Iko kabla ya sensa. Hii inaweza kuwa ndo inakula mafuta?

Mzee_wa_Torki

Ndo yenyewe mkuu. Si nilikwambia moshi unakwenda kwa mapigo, kati ya pigo na pigo pale kwenye mwanya hewa ya nje inanyonywa ndani. Sensa inakuta oksijeni, inaiambia kompyuta petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza petroli upande huo ambao wala haukuwa na njaa. Mafuta yanaenda, injini inakuwa nzito, na ungeendelea hivo ile petroli ya ziada ingeenda kuyachoma masega ambayo saizi ni mazima. Badilisha gasketi na bolti zote 3, usiweke mpya moja na za zamani mbili.

Safari_V6

Imefanyika juzi. Gasketi mpya, bolti mpya zote. Jana nimepanda ule mlima na watu 6, haijarudi kuwa mpya lakini gia haishuki shuki kama mwezi uliopita, na ile kupasua ya asubuhi imepungua nusu, iliyobaki ni ya sailensa yenyewe. Nimeamua: masega yanabaki, inchi 2 na nusu ya 409 kuanzia baada ya masega, resoneta katikati, sailensa kubwa nyuma, hanga za mpira, mdomo nje ya bampa. Ile ya inchi 3 nimemwambia fundi hapana, hakufurahi lakini kaelewa. Swali la mwisho kwa @Fundi_wa_Chini, bolti nikishafunga nikaze tena au niache?

Fundi_wa_Chini

Kaza tena. Endesha kama kilometa 100 ipate moto na kupoa mara kadhaa, gasketi inakaa na kubonyea kidogo, afu ikiwa imepoa kabisa pitia kila nati na kila klempu. Usikaze ikiwa ya moto, stadi zinakatikia ndani na kuzitoa ni kazi ya siku nzima. Na ukiwa pale chini tingisha bomba kwa mkono, likigusa chochote utasikia.